Mkongo Ukikatika, Kompyuta Hutuma kwa Anwani Ipi?

Jumapili ya Mei 12, 2024, watumiaji wa intaneti nchini Tanzania, Kenya na nchi nyingine za Mashariki na Kusini mwa Afrika walishuhudia mawasiliano yao yakizorota kwa ghafla. Mikongo miwili iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, ilikuwa imepata hitilafu upande wa kusini mwa bara. Taarifa kwa umma zilitolewa, na kampuni za mawasiliano zikaanza kuhamishia shughuli zao kwenye njia mbadala wakati matengenezo yakisubiriwa. Miezi miwili kabla ya hapo, Machi 14, nchi za Afrika Magharibi zilikumbwa na mkasa kama huo pale mikongo minne ya upande wao, WACS, MainOne, ACE na SAT-3, ilipoharibika kwa wakati mmoja.

Mjadala uliofuata ulijikita katika mikongo yenyewe: iko mingapi, inapita wapi, meli ya matengenezo ipo umbali gani. Ni mjadala wa haki, kwa kuwa bila njia ya pili hakuna cha kuhamia. Hata hivyo, wapo mafundi wengi wa TEHAMA wanaoifahamu hali nyingine isiyotajwa sana katika matangazo. Ofisi ina njia mbili za intaneti kutoka kwa watoa huduma wawili tofauti. Njia ya kwanza inakatika, ya pili iko hai, taa za ruta zinawaka kijani, na bado mfumo haufunguki. Mwananchi aliyeketi kwenye benchi akisubiri kumbukumbu namba ya malipo anaambiwa mtandao uko chini, ilhali mtandao haupo chini. Kilichokosewa ni anwani ya mtumaji.

Kila kipande cha taarifa kinachosafiri kwenye intaneti, ambacho wataalamu hukiita pakiti, hubeba anwani mbili: ya kule kinakokwenda na ya kule kilikotoka. Anwani ya kwanza hutokana na mtumiaji mwenyewe, kwa kuandika jina la tovuti au kufungua programu. Anwani ya pili haimhusishi hata kidogo. Huchaguliwa na mfumo endeshi wa kompyuta au simu, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, bila kumuuliza mtu. Nchi iliyozoea barua za kiofisi haihitaji maelezo mengi kuhusu uzito wa jambo hilo. Barua ikiandikwa juu yake S.L.P. ya ofisi iliyokwisha kuhama, itamfikia mlengwa kama kawaida, ataisoma na atajibu. Jibu litaangukia katika sanduku ambalo hakuna anayelifungua.

Ugumu wa uchaguzi huo hutokana na ukweli kwamba kompyuta ya leo haina anwani moja. Kompyuta mpakato ya kawaida ya mtumishi ina anwani ya kujisemesha yenyewe, 127.0.0.1. Ina anwani aliyoipata kwa waya na nyingine aliyoipata kwa mtandao usiotumia waya. Akiunganisha VPN ili aingie katika mifumo ya ofisi akiwa safarini, inaongezeka nyingine. Ikiwa mtandao unatumia toleo la sita la itifaki ya intaneti, yaani IPv6, kadi moja peke yake inaweza kuwa na anwani tatu au nne kwa wakati mmoja, baadhi zikiwa za kudumu na nyingine za muda. Kwa kila mawasiliano mapya yanayoanzishwa, mfumo endeshi hauna budi kuchagua moja kati ya hizo.

Katika toleo la nne, IPv4, ambalo bado hubeba sehemu kubwa ya shughuli za kila siku, utaratibu ni mfupi. Mfumo endeshi huangalia kwanza pakiti inakwenda wapi, husoma jedwali lake la njia ili kujua itoke kupitia kadi ipi na kukabidhiwa ruta ipi, kisha huchukua anwani iliyopo kwenye kadi hiyo, ikipendelewa ile iliyo katika mtandao mmoja na ruta inayofuata. Misingi ya utaratibu huo iliandikwa Oktoba 1989 katika waraka wa RFC 1122, mmoja wa nyaraka za viwango zinazosimamiwa na Kikosi Kazi cha Uhandisi wa Intaneti, kinachojulikana kwa kifupi IETF. Kwa maneno mengine, njia huamuliwa kwanza na anwani hufuata njia. Programu inaweza kuingilia kati na kudai anwani fulani, na msimamizi anaweza kuandika katika jedwali la njia kwamba safari za upande fulani zitumie anwani fulani. Wasipofanya hivyo, kanuni hiyo ya jumla ndiyo inayotumika.

Waraka huohuo wa 1989 uliacha mlango wazi kuhusu suala moja ambalo limesumbua mafundi hadi leo. Je, kompyuta yenye kadi mbili inaruhusiwa kutoa kupitia kadi moja pakiti yenye anwani ya kadi nyingine? Mifumo ya Linux huruhusu kwa kawaida. Windows, kuanzia toleo la Vista, ilichukua msimamo mkali kwamba anwani na kadi yake visitenganishwe. Hakuna kati ya misimamo hiyo ulio kosa, lakini taasisi yenye seva za aina zote mbili inaweza kuziona zikiwa na tabia tofauti siku ya hitilafu, ilhali zimesukwa kwenye ruta moja na fundi mmoja.

Seva nayo ina tatizo lake. Katika mawasiliano ya aina ya TCP, ambayo hutumika kufungua tovuti nyingi, seva hujibu kwa anwani ileile iliyoulizwa, hivyo mambo huenda sawa. Katika mawasiliano ya UDP, ambayo hutumika kwa mfano kutafuta majina ya tovuti, programu iliyoandikwa bila uangalifu kwenye seva yenye anwani mbili inaweza kuulizwa kwa anwani moja ikajibu kwa nyingine. Aliyeuliza hulitupa jibu hilo, na anafanya vyema, kwa sababu kupokea jibu kutoka kwa mtu ambaye hukumuuliza ni mwanzo wa kutapeliwa.

Hapo ndipo kiini cha tatizo la njia mbili kilipo. Tuseme mtoa huduma wa kwanza ameipa taasisi anwani 192.0.2.10 na wa pili ameipa 198.51.100.10 (namba hizi zimetengwa kimataifa kwa ajili ya mifano, hazimilikiwi na yeyote). Tangu Mei 2000, waraka wa RFC 2827 unawataka watoa huduma kuzuia pakiti zinazotoka kwa mteja zikiwa na anwani ambayo si ya mteja huyo. Sababu ni ya msingi kabisa: wahalifu hughushi anwani ya mtumaji ili kuzielekeza seva za watu wengine zimfurikie mlengwa kwa majibu ambayo hakuyaomba. Mtoa huduma wa pili anapoona pakiti yenye anwani 192.0.2.10 ikitokea kwenye waya wake, huitupa. Hatoi taarifa, hatumi onyo. Kwa mtumiaji, ukurasa unazunguka tu mpaka muda wake unakwisha.

Ofisi nyingi zinazotumia IPv4 zimeepushwa na mkasa huo kwa sababu ruta yao hubadilisha anwani za ndani kuwa ile ya njia inayotumika wakati huo. Njia ikibadilika, na anwani inabadilika. Lakini unafuu huo una gharama, na gharama yake huonekana kaunta. Mifumo mingi nyeti, hususan ya malipo na ya kumbukumbu za watu, hukubali maombi kutoka anwani zilizosajiliwa tu. Taasisi ilisajili anwani ya njia ya kwanza miaka mitatu iliyopita. Njia ya pili ilinunuliwa baadaye, na hakuna aliyekumbuka kupeleka barua ya kuongeza anwani yake. Siku mkongo unapokatika, ruta inahamia njia ya pili kwa sekunde chache kama ilivyoagizwa, maombi yanaondoka yakiwa na anwani mpya, na mfumo wa upande wa pili unayakataa kama ungemkataa mgeni yeyote. Pande zote mbili ziko hai na zinatii maelekezo. Anayeumia ni aliye kwenye foleni ya hospitali na karatasi ya vipimo mkononi.

Dawa ya kudumu inajulikana. Taasisi kubwa inaweza kuwa na anwani zake yenyewe, zisizo za mtoa huduma yeyote, ikazitangaza kupitia njia zote mbili, ili anwani ya mtumaji ibaki ileile hata njia ikibadilika. Kwa Afrika, anwani hizo hutolewa na AFRINIC, msajili wa kanda mwenye makao yake nchini Mauritius. Kikwazo ni uhaba. IPv4 ina jumla ya anwani takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na hazina kuu ya kimataifa iligawa mafungu yake ya mwisho Februari 3, 2011. AFRINIC iliingia hatua ya pili ya mgawo wa kubana Januari 13, 2020, ambapo mwombaji hupata si zaidi ya anwani 1,024 kwa wakati mmoja. Kwa wizara moja si haba. Kwa mtandao wenye maelfu ya ofisi ni tone.

Uhaba huo ndio unaoisukuma dunia kuelekea IPv6, ambayo anwani zake ni nyingi kiasi cha kutoisha kwa matumizi yanayofikirika. Serikali ya Marekani, kwa waraka wa Novemba 2020 wenye namba M-21-07, ilizielekeza taasisi zake za shirikisho kuhakikisha kuwa angalau asilimia 80 ya vifaa vilivyomo katika mitandao yao vinatumia IPv6 pekee ifikapo mwisho wa mwaka wa fedha wa 2025. Anayedhani kuwa mabadiliko hayo ni ya kuongeza tarakimu tu atashangazwa na jinsi yanavyougusa uchaguzi wa anwani ya mtumaji.

Katika IPv6 uchaguzi una sheria zilizoandikwa, kwanza katika RFC 3484 ya Februari 2003 na kisha katika RFC 6724 ya Septemba 2012 iliyochukua nafasi yake. Sheria ni nane, na hufuatwa kwa mpangilio: ikishindikana kupata mshindi kwa ya kwanza, inaangaliwa ya pili, na kuendelea. Ikiwa kompyuta inajisemesha yenyewe, itumie anwani hiyohiyo. Anwani ya ndani ya chumba isitumike kwa safari ya ng'ambo. Anwani inayoelekea kuondolewa iepukwe. Ipendelewe anwani ya kadi ambayo pakiti inatokea. Zipo na nyingine zinazohusu vifaa vinavyohama na makundi ya anwani, ambazo mtumiaji wa kawaida hakutani nazo.

Sheria ya saba inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake wahandisi walibadili msimamo kuhusu faragha ya raia. Hapo mwanzo, nusu ya pili ya anwani ya IPv6 ilitengenezwa kutokana na namba ya kudumu iliyochomwa kiwandani kwenye kadi ya mtandao. Mtu aliyetoka Dodoma kwenda Mwanza na kompyuta yake alibadilisha nusu ya kwanza ya anwani, lakini nusu ya pili ilisafiri naye bila kubadilika. Tovuti yoyote aliyoitembelea katika miji yote miwili ingeweza kumtambua. Mwaka 2001 ulipendekezwa utaratibu wa anwani za muda zinazotengenezwa kwa bahati nasibu na kubadilishwa, kwa kawaida kila siku. Lakini sheria za 2003 ziliagiza kuwa anwani ya kudumu ndiyo ipendelewe, kwa hofu kwamba baadhi ya programu zingeshindwa kufanya kazi. Sheria za 2012 ziligeuza kibao: anwani ya muda ikatangulia. Sentensi moja katika waraka ambao wananchi wengi hawatausoma maishani ilibadili kiasi cha alama ambacho mabilioni ya vifaa huacha nyuma yake.

Mabadiliko hayo yana upande wake wa pili kwa taasisi. Mfumo unaokubali anwani zilizosajiliwa tu hauwezi kusajili anwani ya kompyuta moja inayobadilika kila siku. Unapaswa kusajili fungu zima la ofisi, au seva husika ipewe anwani ya kudumu na izuiwe kutengeneza za muda. Anayehamia IPv6 kwa kunakili orodha ya zamani, anwani moja kwa kila mashine, atagundua kesho yake asubuhi kwamba milango imefungwa.

Sheria ya nane, ya mwisho, ndiyo inayorudisha mjadala kwenye mikongo. Ikiwa sheria zote zilizotangulia hazikutoa mshindi, mfumo endeshi huchagua anwani ambayo tarakimu zake za mwanzo zinafanana zaidi na za kule pakiti inakokwenda. Wazo lilikuwa kwamba kufanana kunaashiria ukaribu. Kwa watoa huduma wawili wasiohusiana, kufanana huko ni bahati tu. Ofisi yenye mafungu mawili ya IPv6 inaweza kuwa na kompyuta inayotumia anwani ya mtoa huduma A kwa tovuti moja na ya B kwa tovuti nyingine, bila kujali nani kati yao mkongo wake umekatika. Matokeo yake ni hitilafu inayomchanganya hata fundi mzoefu: nusu ya tovuti zinafunguka, nusu hazifunguki, na kuzima na kuwasha kompyuta hakubadilishi chochote.

IETF imelishughulikia kwa hatua. Waraka wa 2012 uliongeza kipengele kati ya sheria ya tano na ya sita, kikielekeza kwamba ipendelewe anwani inayotokana na fungu lililotangazwa na ruta itakayoibeba pakiti. Novemba 2016, RFC 8028 iliagiza upande wa pili wa jambo hilohilo, kwamba pakiti ikabidhiwe ruta inayoitambua anwani yake. Vyote viwili husaidia pale tu ruta inaposema ukweli. Kompyuta iliyo ndani ya ofisi haioni mkongo uliokatika kilomita elfu mbili baharini; huiona ruta iliyo ukutani, na ruta hiyo isipolitangaza fungu la njia iliyokufa kuwa linaondolewa, sheria ya tatu haitaamka. Usanidi huo unafanywa na mtu, na unapaswa kufanywa kabla ya hitilafu.

Upo pia mgongano mwingine ambao bado unajadiliwa. RFC 6724 ina jedwali la vipaumbele ambamo anwani za ndani za IPv6, zile zinazoanza na fc au fd, zimewekwa chini ya IPv4. Taasisi inayozitumia kwa mifumo yake ya ndani inaweza kukuta kompyuta zinaendelea kupita IPv4 kimyakimya, hata baada ya kutangaza kuwa imehama. Kikundi cha IETF kinachosimamia IPv6 kimekuwa kikijadili marekebisho ya jedwali hilo. Hadi mifumo endeshi yote ibadilike, mtu asiitegemee ripoti ya uhamaji ambayo haikupima pakiti zinazopita kweli.

Suala la mwisho ni la sheria zaidi kuliko la uhandisi. Anwani ya mtumaji ndiyo inayobaki katika kumbukumbu za seva, na ndiyo ambayo mara nyingi uchunguzi wa kosa la mtandao huanzia. Lakini kutokana na uhaba wa IPv4, kampuni za simu duniani huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Kumbukumbu inayoonyesha anwani na tarehe pekee inaweza kumwelekea mtu yeyote kati ya mamia. Ndiyo maana RFC 6302 ya Juni 2011 inataka seva zihifadhi pia namba ya poti ya mtumaji na muda sahihi hadi sekunde. Seva ambayo haikuhifadhi poti inaweza kumwacha mhalifu bila kupatikana. Lililo baya zaidi ni kwamba inaweza kumtia mashakani asiyehusika. Katika Umoja wa Ulaya, Mahakama ya Haki iliamua Oktoba 19, 2016, katika kesi ya Patrick Breyer dhidi ya Ujerumani iliyohusu tovuti za Serikali ya nchi hiyo, kwamba hata anwani inayobadilika inaweza kuwa taarifa binafsi ikiwa mwenye tovuti ana njia ya kisheria ya kumfikia mhusika. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na anayetunza kumbukumbu hizo za seva anagusa zote mbili kwa pamoja.

Kwa taasisi inayotaka kujua ilipo, kipimo hakihitaji mshauri wala zabuni. Kwenye Linux, amri ya ip route get ikifuatiwa na anwani ya mfumo unaotegemewa hujibu kwa mstari mmoja unaotaja njia, kadi na anwani ya mtumaji itakayotumika. Kwenye Windows, amri ya Find-NetRoute hufanya kazi hiyohiyo. Ofisi ikishatangaza dirisha la matengenezo, fundi huandika majibu ya amri hizo, huchomoa waya wa mtoa huduma wa kwanza kwa nusu saa, huziendesha tena, kisha huhakikisha kutoka upande wa pili ni anwani ipi iliyoonekana baada ya ruta kufanya kazi yake. Halafu hujaribu kutoa kumbukumbu namba moja ya malipo, kwenye kompyuta ileile ya kaunta ambayo itatumika Jumatatu.